Mashine ya kufulia ya mapipa mawili kwa nyumba yenye watoto wadogo: rivyu kutoka Malindi

Swali ni mashine gani ya kufulia ununue, na natoa jibu kabisa kwa wale wenye haraka, manake najua ukiwa na watoto wadogo hata kusoma kitu mpaka mwisho ni bahati. Kama mko Malindi au popote hapa pwani, baba na mama nyote mwafanya kazi, watoto bado wadogo, na maji ya mfereji kwenu huja siku yakitaka, nunueni mashine ya mapipa mawili, ile ya plastiki, moja la kufulia na moja la kukamua, unajaza maji mwenyewe kwa ndoo. Ile ya otomatiki yenye mlango wa kioo mbele iacheni kwanza hata kama pesa mnayo, nitaeleza kwa nini. Nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyopungua nitaisema pia.

Jina la kampuni silitaji, manake hizi mashine karibu zote zimeundwa namna moja, ukijua moja umezijua zote, na hapa barabara ya Lamu ukiingia duka lolote la vyombo vya stima utazikuta zimepangwa, kilo 5, kilo 7, kilo 10. Yangu ni ya kilo 7, nilitoa shilingi 16,500, ikabebwa na tuktuk mpaka mlangoni, nyepesi, watu wawili mwaibeba bila shida.

Sisi tuko Muyeye, nyumba ya kupanga, watoto watatu. Mkubwa yuko Gredi 1, wa kati PP1, yaani chekechea, kitinda mimba ndo anatambaa na kila kilichoko sakafuni chake. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake leo usiku kesho mchana, na mimi niko dukani kwa hadwea toka asubuhi mpaka magharibi. Sasa hebu piga hesabu ya nguo: yunifomu za wawili, nguo za chuo cha Kurani, kanzu za Ijumaa, mavazi ya kazi ya mama yao ambayo hayafai kuchanganywa na ya mtoto, nepi, vitambaa vya cheua, leso, mashuka ya yule wa kati ambaye bado anakojoa kitandani, na nguo za kuchezea ambazo zinarudi na mchanga, mabuyu, maembe, mafuta ya viazi karai, vyote kwa pamoja kwenye fulana moja.

Zamani tulikuwa na mama anayekuja kufua Jumamosi. Alikuwa anafua vizuri sana na bado twamuita, nitamrudia. Lakini shida haikuwa ufuaji wake, shida ilikuwa hiyo Jumamosi yenyewe. Nguo zinakaa wiki nzima kwenye tenga, zenye jasho zinavunda, doa la Jumatatu likifika Jumamosi limeshaota mizizi, na Alhamisi usiku ndo mnagundua soksi safi hakuna, mnaanza kufua vitu viwili vitatu kwenye beseni saa nne usiku mtoto mwingine analia. Halafu Jumamosi ikija mvua, wiki nzima imeharibika. Hapa ndo nataka mnielewe, manake watu wengi wananunua mashine halafu wanaendelea kufua Jumamosi vile vile, rundo lile lile, wanasimama hapo kutwa wakibadilisha maji, jioni wanasema mashine haisaidii. Mashine hii haikuondolei kazi ya kufua. Inachofanya ni kuifanya kazi iwe ndogo kiasi kwamba unaweza kuifanya kila jioni bila kuona uzito, na ukifua kila jioni rundo halizaliwi. Faida yote iko hapo.

Sasa kwa nini si otomatiki. Otomatiki ya mlango wa mbele yataka iunganishwe na mfereji wenye presha, maji yasikatike katikati. Sisi hapa Malindi maji yetu ya mfereji yatoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na ni maji hayo hayo yanaenda Kilifi mpaka Mombasa, kwa hivo mitaa mingi inapata kwa zamu, mengine twajaza kwenye tangi au twanunua kwa mitungi kwa watu wa mikokoteni. Kama tangi lako liko juu ya dari na pampu unayo, sawa, inaweza kufanya. Kama huna, ile mashine itakaa inasubiri maji. Pili, stima ikipotea katikati, ile ya mlango wa mbele inabaki imefunga mlango, nguo na maji ndani, na wewe nje watazama yunifomu ya kesho kupitia kioo. Ya mapipa mawili stima ikipotea unafungua kifuniko, unamalizia kwa mkono, maji unayafungulia yanatoka yenyewe kwa paipu, basi. Tatu ni tokeni za stima. Nyingi za otomatiki zina hita ya ndani ya kuchemsha maji, na hita peke yake inaweza kula wati 1,800 mpaka 2,000. Yangu kibandiko cha nyuma chasema mota ya kufulia wati 380 na ya kukamua wati 160. Fua dakika 15, suuza dakika 5, kamua mara mbili dakika tano tano, yote ukiijumlisha ni kama yuniti 0.15. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa imekula 0.5. Kwa hivo yule anayeogopa mashine kwa sababu ya tokeni aangalie kwanza pasi yake.

Inavofanya kazi ni rahisi. Pipa kubwa lina kisahani chini kinachozunguka mbele na nyuma, kinavuruga maji na nguo. Unaweka maji, sabuni, nguo, unazungusha kitufe cha dakika, mwisho 15. Ikimaliza unatoa nguo kwa mkono unaziingiza pipa dogo, unaweka kile kibati cha plastiki juu yake zisiruke, unafunga, linazunguka kwa kasi maji yanatoka. Ukiangalia juu kuna vitufe vitatu tu, na hata bibi ya watoto alionyeshwa mara moja akaweza.

Maji sasa. Pipa la kilo 7 ukijaza mpaka mstari wa juu ni kama lita 50, yaani mitungi miwili na nusu, na ukifua kama kijitabu kinavosema, fua, suuza, suuza tena, umemaliza mitungi saba na kitu kwa mkupuo mmoja. Kwa maji ya kununua hiyo haiwezekani. Lakini kuna njia na ndo siri kubwa kuliko zote humu: kamua kabla ya kusuuza. Nguo zikitoka kwenye sabuni usizimwagie maji safi, zipeleke pipa la kukamua dakika mbili tatu kwanza, lile povu lote linatoka, ndo sasa uzisuuze, utaona suuzo moja imetosha. Na yale maji ya sabuni usiyamwage, fua kwanza kanzu na mashati meupe, toa, kwenye maji yale yale weka yunifomu na nguo za rangi, halafu mwisho za kuchezea. Maji ya suuzo kamata kwa beseni, yaende chooni au yaoshe baraza. Nepi tu ndo haziingii kwenye huu mzunguko, zina maji yake peke yake, kila siku.

Wenye visima nawasemea pia, manake wengi wetu tuna kisima uani na twafikiri ndo suluhisho. Huu mji umekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, maji yanayopita humo yanabeba chokaa, na yakiwa karibu na bahari yanachanganya na chumvi. Hayo maji magumu ukitumia sabuni ya mche povu halitoki, inaganda inakuwa utando mweupe unaoshika kwenye nguo na kwenye mashine, kanzu nyeupe baada ya miezi inageuka rangi ya jivu. Sabuni ya unga inavumilia zaidi maji magumu kuliko ya mche, kwa hivo kwenye mashine tumia ya unga. Fulia maji ya kisima ukitaka lakini suuzo la mwisho liwe maji ya mfereji au ya mvua. Ya mvua ni laini mno, sabuni kidogo tu povu limejaa, masika weka kila ndoo uliyo nayo chini ya paa. Na siki nyeupe nusu kikombe kwenye suuzo, mara moja moja, inatoa ule utando na nguo zinakuwa laini, za mtoto mchanga hasa.

Sabuni pia watu wanazidisha. Vijiko viwili vikubwa kwa nusu pipa yatosha. Povu jingi si usafi, ni maji mengi ya kusuuza.

Sasa ratiba ya nyumbani, manake ndo sababu ya kuandika. Matenga matatu, moja la kila mtoto, na letu la nne. Zamani twapanga kwa rangi, tukaacha. Sasa twafua kwa mtu. Jumatatu na Alhamisi ni tenga la mkubwa, Jumanne na Ijumaa la wa kati, Jumatano na Jumamosi letu wazee, na za kitinda mimba zinaingia kila jioni manake ni ndogo ndogo. Za rangi zinazochuja zina ndoo yake pembeni. Uzuri wa kufua kwa mtu ni kwamba nguo zikikauka hakuna kazi ya kuchambua, hii ya nani, hii soksi ya nani, zote za mtu mmoja zinakunjwa zinarudi kwenye tenga lake au kabati lake. Kama kwenu watoto wawili wamekaribiana umri mtanielewa haraka, ile kazi ya kutenganisha vesti za mtoto wa miaka 5 na za miaka 6 ni ndefu kuliko kufua.

Mkubwa ana kazi yake, akivua yunifomu anatoa vitu mifukoni anaiweka ndani ya tenga, si sakafuni, na huyo ni mtoto wa Gredi 1. Wa kati kazi yake ni vibanio, anampa baba kimoja kimoja wakati wa kuanika na anahesabu, na kuoanisha soksi, anazipenda hizo kazi kweli kweli kwa sababu yuko na sisi. Watoto wa miaka mitatu minne wanaweza vitu vingi tukiwapa nafasi, ila wapeni kazi ndogo inayoisha, msimwambie mtoto panga chumba chote.

Saa ya kufua kwetu ni baada ya magharibi, watoto wakila. Naweka maji, naweka nguo, nazungusha dakika 15, naenda kulisha. Ikilia narudi, nakamua. Naendelea na kuogesha. Narudi, nasuuza, nakamua. Yaani katikati ya kazi ambazo ungezifanya tu. Zikishakamuliwa hapo hazidondoshi maji tena, waweza kuzianika ndani kwa hanga usiku au kungoja alfajiri. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, upepo mkavu na jua, ukianika saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili waanua. Kusi nayo ikivuma ina unyevu lakini upepo wake ni mkali, zinakauka. Mtihani ni masika, hasa mwezi wa tano ambao kwetu Malindi ndo mwezi wa mvua kuliko yote, jua laweza kupotea siku nzima. Hapo ndo nikasema alhamdulillah kwa hili pipa dogo, manake nguo ikikamuliwa na mashine mara mbili halafu ikatundikwa chini ya feni, asubuhi yavalika. Nguo ya kukamua kwa mkono hapo hata kesho kutwa bado ina harufu ya ukungu. Kama utaniuliza ni pipa gani lililobadilisha maisha yetu nitakwambia la kukamua, la kufulia ni la pili.

Na pasi tumeipunguza. Yunifomu, kanzu na nguo za kazi za mama ndo zinapigwa pasi. Zingine zote zikitoka pipa la kukamua zikung'ute kwa nguvu mara mbili, zinyooshe kola na mikono, tundika kwa hanga, zitakauka zimenyooka za kutosha kwa mtoto atakayekaa chini kwenye mchanga nusu saa baadaye.

Madoa, mashine peke yake haitoi, nisiwadanganye. Mabuyu yenye rangi nyekundu, maji baridi mara moja na sabuni kidogo, usimwagie maji ya moto. Mafuta ya viazi karai au mahamri, sabuni ya vyombo moja kwa moja kwenye doa kabla maji hayajagusa. Damu ya goti, maji baridi na chumvi. Utomvu wa embe, maji ya bibo na ya kidafu, hayo matatu ukichelewa yashakuwa meusi na hayatoki tena, kwa hivo msimu wa maembe na wa korosho watoto wetu wana fulana zao maalum za kuharibu na hatugombi mtu. Mke wangu alitundika chupa ya sabuni ya vyombo karibu na matenga, anayevua mwenye doa analipaka hapo hapo halafu anatumbukiza. Kitu kidogo lakini kimeokoa mashati mengi.

Nepi. Tunatumia za vitambaa mchana na pampasi usiku, kwa pesa na kwa taka pia. Kinyesi kinatolewa chooni kwanza, nepi inasuuzwa kwa maji, inaingia ndoo yenye kifuniko, jioni mashine. Hapa nataka msome polepole hasa mnaopenda Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe: nepi yenye mkojo msiimwagie Jik kabla ya kuisuuza vizuri, manake mkojo una amonia na ikikutana na Jik inatoa hewa yenye sumu, inachoma macho na kifua. Na siki niliyoisema kule juu, kamwe isikutane na Jik kwenye pipa moja, hiyo inatoa klorini. Mke wangu kama muuguzi analisisitiza hili kwa kila mtu anayetutembelea na mimi namsaidia kulisema. Jua la Malindi lenyewe linang'arisha nepi, anika zikiwa bado na unyevu jua la saa nne, utaona.

Na usalama wa watoto kwa jumla. Ndoo na mapipa yenye maji ndo hatari ya kwanza, mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina kidogo sana, akitumbukia kichwa kwanza hawezi kujiinua. Kwa hivo hakuna kuloweka usiku kwenye beseni la wazi, kila ndoo ina kifuniko, na pipa likimaliza linamwagwa hapo hapo. Kifuniko cha pipa la kukamua ukikifungua linatakiwa lisimame lenyewe kwa breki, lijaribu dukani kabla hujalipa, na hata likiwa na breki mkono usiingie mpaka lisimame kabisa, wafundisheni hivo watoto. Soketi isiwe chini, iwe juu pasipofika maji wala mtoto, na iwe na waya wa athi, ule unaopeleka stima ardhini, muite fundi wa stima aangalie. Usitumie ekstensheni iliyolala kwenye sakafu yenye maji na wewe umevua kandambili. Ukimaliza chomoa.

Haya, ile nyota iliyopungua.

Kola na pindo za kanzu bado zataka brashi. Mama mkwe alizishika za kwanza akaziangalia dhidi ya mwanga akasema "hii haijasuguliwa," na ni kweli, kisahani kinavuruga, hakisugui. Dakika mbili za brashi kwenye kola na visigino vya soksi kabla ya kuweka, ndo inakubali. Pili, sio mashine ya kuweka ukaenda zako sokoni, lazima uwepo uhamishe nguo. Tatu, pipa la kukamua ni dogo kuliko la kufulia, la kilo 7 linakamua kama kilo 4 hivi, kwa hivo ni mara mbili, na ukizipanga vibaya upande mmoja mashine inatetemeka inatembea sakafuni na kelele zake mtoto ataamka. Zipange kuzunguka, zishindilie chini, kile kibati juu. Nne, waya na paipu ya kutolea maji vyote vifupi. Maji yanatoka kwa mteremko tu, pampu haina, kwa hivo mashine lazima ikae juu kidogo kuliko shimo la maji. Mimi niliiwekea matofali manne na paipu ndefu zaidi, ikaisha.

Halafu kuna mambo ya pwani yetu ambayo kijitabu hakisemi. Hewa ya bahari inakula chuma, ndo maana nasema mwili uwe plastiki mzima, kuna zingine mgongo ni bati jembamba, ukikaa karibu na bahari huko Shella au Casuarina hilo bati litaanza kutu mapema. Skrubu za nyuma zipake grisi kidogo. Lakini plastiki nayo haipendi jua, isikae uani wazi, iwe chini ya kivuli, kausha ndani, acha vifuniko wazi usiku mmoja ili isinuke. Mchanga: nguo za watoto wa ufukweni zikung'utwe nje kwanza, mchanga unaingia chini ya kisahani unasaga, na kile kimfuko cha kuchuja nyuzi kisafishwe kila wiki. Angalia mifuko, shilingi moja yatosha kukwaza kisahani. Na panya, jamani. Chini ya mashine hizi nyingi ni wazi, panya anaingia anakuta joto na waya. Zingine zinakuja na kibao cha kufunga chini, kama yako haina kata wavu wa chuma ufunge mwenyewe.

Mama wetu wa kufua hakuachwa. Watu huwa wanauliza, na swali ni la haki, manake hiyo ni riziki ya mtu na ana watoto wake. Sasa anakuja mara mbili kwa mwezi kwa blanketi, mapazia, vyandarua na busati, vitu ambavyo mashine ya kilo 7 haiwezi na mimi na mke wangu hatuna mgongo wala saa ya kuvifanya, na kwa vile ni vizito twamlipa zaidi kwa siku kuliko zamani. Siku hiyo anatumia mashine kukamua mashuka, mwenyewe alisema mikono yake inapumzika. Kama una mtu wa namna hiyo nyumbani usimfungie mlango kwa sababu ya mashine, kaeni mzungumze mpange upya.

Kina baba wenzangu nawaambia wazi, nepi naanika mimi. Wiki ambayo mke wangu yuko zamu ya usiku akirudi asubuhi anakuta kamba imejaa, anaenda kulala. Kabla ya hapo akirudi alikuwa anaanza na beseni na usingizi uko machoni. Kujua kwamba saa tatu asubuhi amelala, watoto wako shule na yunifomu za kesho ziko kwenye hanga, kwangu hiyo peke yake ni thamani ya 16,500.

Ukienda kununua basi: kwa watu wanne watano chukua kilo 7, ya 5 ni ndogo mno kwa mashuka, ya 10 inakula maji. Mwambie auzaye aiwashe mbele yako, sikiliza pande zote mbili, fungua kifuniko cha pipa la kukamua likiwa lazunguka uone kama linasimama, pinda paipu uone kama ni laini au ni ile ngumu itakayopasuka, tazama chini kama kibao cha panya kipo, na uliza kama ule mkanda wa ndani na breki vinapatikana hapa hapa Malindi au mpaka uagize Mombasa. Risiti yenye garantii iandikwe tarehe na namba ya mashine, mbele yako. Wenye nyumba za maji ya kisima tu, bila mfereji kabisa, niandikieni hapo chini mnatumia nini kwa nguo nyeupe, manake jirani yangu mmoja yuko kwenye hiyo hali na siki peke yake haijamtosha.